Neno la Kumi

Mei 11
Beno alikuwa ameshafunga kitabu, anatuambia basi, tujaribu kesho, ndipo Saúl akaingia kwa mlango wa uani. Anahema, kitabu cha mifupa kwapani. Akatundika koti lake kwenye msumari na kusimama hapo hapo mlangoni, mahali pake.

Beno akamwambia, "Daktari, wewe hata kuzaliwa ulichelewa."

Saúl akamjibu kwamba mama yake ndiye aliyechelewa, yeye alikuwa tayari. Wakacheka wote. Mimi sikucheka, nilikuwa naogopa hata kupumua. Lakini tulishatimia. Nikasema Kadishi ya baba, sala ya marehemu, kwa haya kama kawaida yangu.

Mimi mji huu wa Córdoba nimeletwa na jambo hilo tu. Baba kafa Machi kule kwetu Entre Ríos, kwenye koloni letu la Wayahudi, na kule wanaume kumi hawapatikani tena. Watu wameuza mashamba, wamehama, sinagogi imebaki na popo. Bila wanaume kumi huwezi kumsemea baba yako Kadishi, unabaki bubu, na inatakiwa isemwe kila siku, karibu mwaka mzima. Mama akasema nenda kwa Doña Perla, binamu ya baba yako, amepangisha wanafunzi wetu wa chuo kikuu, pale hutakosa. Kweli tupo kumi. Kumi kamili, hakuna wa akiba.

Daftari kanipa Mirta, mmoja wa wasichana wanaopanga humu. Kasema mtu aliyeishia darasa la nne asipoandika kila siku mkono unasahau. Hata mstari mmoja, kasema.

Mei 13
Leo niandike tunavyohesabiana, maana Mirta anasema niandike ninayoyajua.

Sisi watu hatuwahesabu kwa namba. Kuku sawa, magunia sawa. Mtu hapana, unakuwa kama unamwonyesha kwa mauti. Beno anasomea sheria na ndiye anayetuongoza, na yeye anatumia mstari mmoja wa vitabu vyetu wenye maneno kumi. Anazunguka kwa macho, kila mtu anampa neno lake. Neno la mwisho ni "milele". Likipata mtu, tunaanza. Kama watu wamezidi, anayefuata anapewa tena neno la kwanza. Ijumaa wakija wageni mstari unaanza upya, na Doña Perla anaongeza maji kwenye supu.

Kwa kuwa Saúl ni wa mwisho kila siku, milele ni lake. Wanamwita Bwana Milele.

Hata Amina yake inachelewa. Sisi tunasema Amina pamoja, halafu yake inakuja peke yake nyuma, inakimbia kama mbwa aliyeachwa na lori.

Mei 17
Nimepata kibarua cha kuoka mikate, leo nimeipeleka kwenye kantini ya chuo. Getini askari wamewapanga wanafunzi ukutani, wanawapekua mifuko. Mimi na kapu langu nikapita, hakuna aliyeniangalia. Nimepita mbele ya chumba ambacho vijana wetu walikuwa wakisalia na kucheza chesi kabla wanajeshi hawajachukua serikali. Kina kufuli sasa. Kibao wameking'oa, yamebaki matundu ya misumari.

Mei 20
Baridi. Mikate imeungua upande mmoja, tajiri kanuna.

Mei 26
Mirta na Saúl wanapendana, nimeona leo. Si kwamba walishikana. Mirta alimpunguzia nyama yake kwenye sahani na Saúl akaila bila kuuliza.

Mirta anasomea kemia, analala chumba cha juu na wasichana wengine. Wakati wa sala anakaa jikoni, mlango wazi. Leo Saúl alipochelewa tena, Beno akasema tumekwama, amepungua mtu mmoja. Mirta akatoa kichwa akasema, "Mimi hapa ni nini, Beno? Kabati?"

Beno akasema yeye hakuandika sheria.

"Hukuandika, ila unaifurahia. Vyombo nikiosha nahesabiwa, sivyo?"

Beno akawa mwekundu. Mimi namwona Beno mtu wa maneno tu, kila kitu kwake mzaha. Saúl ni tofauti. Jana kanishika mkono na kunionyesha mifupa yake mmoja mmoja, akasema wewe unakanda unga, kwa hiyo hii unaifahamu kuliko profesa wangu. Uongo, lakini nilifurahi. Kaniambia baba yake ni fundi cherehani huko Resistencia, na koti lile la kijivu alilishona mwenyewe, jina la Saúl limedariziwa ndani ya mfuko. Zito mno, Saúl hulitundika ovyo. "Nikilipoteza," kasema, "mzee atanifia."

Juni 2
Imefika, yaani hesabu imetimia. Saúl kawahi leo, Beno akajifanya kuzimia.

Juni 9
Jana wamemchukua Saúl.

Jua lilikuwa linazama. Jiko la mafuta lilizimika na Doña Perla akasema nani ataenda kununua mafuta, na Saúl akasema mimi, leo nimewahi na bado nitachelewa. Akachukua chupa. Koti akaliacha kwenye msumari, duka liko hapo kona. Akatoka kwa mlango wa uani, akiwa na fulana ya sufu tu.

Tukasubiri. Beno akaanza kumsema. Halafu akaacha.

Nilitumwa mimi kuangalia. Kona ilikuwa inanuka mafuta ya taa, chupa imevunjika, unyevu umeenea barabarani. Mwenye duka alikuwa anateremsha shata. Nikamuuliza. Hakunitazama, alisema na kufuli: gari la kijani, halina namba, wanaume wanne, kijana hakupiga kelele, aliuliza tu kama anaweza kurudisha mafuta nyumbani kwanza. Nenda zako, akaniambia.

Niliporudi walinisoma usoni. Mirta akakaa sakafuni. Doña Perla akazima taa zote. Hakuna aliyehesabu mtu, hakuna aliyesali. Baba, jana sikukusemea.

Juni 10
Vijana wetu wanachoma vitabu vyao uani, wasije wakakutwa navyo. Hata vya mashairi. Moshi mpaka kwenye unga.

Beno kaenda polisi na ameambiwa hakuna mtu wa jina hilo.

Juni 13
Sabato hatuandiki, ndiyo maana naandika leo Jumapili mambo ya Ijumaa.

Doña Perla alisema iwe vita, iwe amani, mishumaa ya Sabato itawashwa. Akatandika meza. Wote wakaja, hata mtengeneza saa wa ng'ambo ya barabara, ambaye husali nasi. Wote, yaani bila mmoja. Kila mtu alijua tumepungua, tulikuja tu kukaa pamoja.

Beno akasimama. Nadhani ni mazoea. Akaanza maneno, macho yakazunguka. Neno langu likanipita. Nikasikia la nane, la tisa, nikainamisha kichwa nisione mstari unavyokatika. Haukukatika. Beno akasema "milele", akiangalia mlango wa uani, na neno likatua. Sijui nielezeje. Neno likikosa mtu linabaki hewani, unalisikia linaning'inia. Hili lilitua kama sahani mezani.

Beno akafungua kitabu. Wakati wangu ulipofika nikasema Kadishi, na wote wakajibu Amina.

Halafu ikaja nyingine. Moja, nyuma, kutoka mlangoni.

Juni 16
Beno kasema ni koti. Giza lilikuwa limeingia, koti limetundikwa urefu wa mtu, akalihesabu koti. Akacheka alipokuwa anasema, na sisi tukacheka kidogo. Hiyo Amina je, akauliza mtu. Beno akasema mwangwi. Chumba hiki, mwangwi wa wapi.

Doña Perla kalifungia koti kabatini, kwenye chumba chake. Mlango wa uani akautia komeo.

Jioni Beno akawasha taa kabisa, akahesabu polepole. Milele. Pale pale.

Juni 17
Mirta alimbana Beno mbele yetu. Akamuuliza maiti anahesabiwa kwenye kumi?

Beno akasema hapana. Maiti hana wajibu tena, hawezi kumtimizia mtu sala.

"Una hakika?"

Akasema hilo halina mjadala.

"Basi yuko hai," Mirta akasema, akarudi jikoni.

Juni 21
Mirta ameuliza toka jikoni, "Imefika?" Beno akajibu, "Imefika."

Juni 22
Imefika.

Juni 24
Imefika. Umande umeganda kwenye kamba ya nguo, fulana zimesimama kama mbao.

Juni 29
Nilimshuku Beno. Nilifikiri anampa mtu mmoja maneno mawili ili mimi nisikose Kadishi na Mirta asikose tumaini. Jioni tatu nimemtazama macho, sikuyaacha. Hampi mtu mara mbili. Ila nimeona kitu kingine: mikono yake. Toka neno la saba inashika ukingo wa meza. Sasa hali tena, sahani anaisukuma. Huyu niliyemwona mtu wa mzaha, kila jioni anapanda mti ambao hajui kama una tawi la juu, na anapanda kwa ajili yetu.

Julai 1
Likizo ya chuo. Hakuna aliyekwenda kwao. Kijana mmoja mrefu anayesomea uhandisi ana dada anayeolewa huko Rosario, kaandika kwao kuwa anaumwa. Wote wanaumwa. Hakuna anayesema sababu. Mmoja akitoka mstari unaweza kukatika, na nani anataka kuwa huyo mmoja.

Julai 6
Leo Mirta alisema Beno amechoka, atahesabu yeye. Mtengeneza saa akafungua mdomo, Doña Perla akamwambia aufunge.

Mirta hakutumia macho. Alimgusa kila mtu bega na kusema neno. Mkono wake unanuka sabuni. Alinigusa mimi la tano. Akamaliza na mtengeneza saa, la tisa, akaenda mlangoni, akanyoosha mkono juu kidogo, kimo cha bega la Saúl, akasema milele.

Mkono ulisimama pale. Haukuanguka kama unavyoanguka mkono usioshika kitu. Aliuacha muda, halafu akaurudisha taratibu na kuuficha ndani ya kwapa.

"Ana baridi," akasema.

Akaondoka, hakula.

Julai 8
Imefika. Mirta kamwomba Doña Perla koti, kalitundika tena kwenye msumari. Komeo pia kalitoa. Hakuna aliyembishia.

Julai 14
Matokeo ya mitihani yamebandikwa chuoni, nilipita na kapu. Mbele ya jina la Saúl wameandika hakufika. Sijamwambia Mirta. Yeye kaona zamani.

Julai 20
Imefika, ila niandike hili: Amina yake inazidi kuchelewa. Mwanzo ilikuwa pumzi moja nyuma yetu. Sasa tunajibu, tunanyamaza, watu wanaanza kukohoa, ndipo inakuja, na ni nyembamba. Kama mtu anayeitwa kutoka shamba la tatu. Doña Perla naye anaisikia, maana anashika kiti.

Julai 27
Mirta alinifuata uani nikiosha mikono. Akaniomba kitu na hakuniangalia. Kwamba Kadishi yangu niseme kwa sauti ndogo.

Nikamwambia ni ya baba yangu.

"Najua, Froim. Ila ni sala ya wafu na wewe unaisema huku wote mnaangalia mlango. Itamshika mwingine."

Jioni nikainong'ona. Wengine walikuwa wanajibu kwa kubahatisha, hawakunisikia. Nilijiona naiba kwa baba nampa Saúl. Halafu nikafikiri, baba angekubali. Alikuwa akimwachia jirani zamu yake ya maji wakati wa ukame. Halafu nikafikiri, nani kaniambia angekubali, nimejisemea mwenyewe.

Julai 28
Imefika.

Agosti 3
Imefika. Upepo wa kusini, moshi wa jiko unarudi ndani. Amina yake imechukua muda mrefu mno leo. Vijana walikuwa wameshavua kofia.

Agosti 5
Gari la kijani limepita mtaani polepole. Mwenye duka akateremsha shata saa nane mchana.

Agosti 11
Naandika haraka, na maji ya chai hayajachemka.

Jana amekuja Don Naftali, baba yake Saúl. Kapanda basi toka Resistencia, safari ya usiku na mchana. Mtu mfupi, ana pini za ushonaji kwenye ukosi wa shati, kazisahau. Amekwenda kote huko kwao, kaandikia kila ofisi, hajajibiwa. Doña Perla akamkalisha, akampa chai chungu kwenye kibuyu, akaishika bila kuinywa.

Halafu akaliona koti.

Akainuka, akashika mkono wa koti, akalipindua akaangalia mshono. "Kaenda bila koti," akasema. Akatugeukia sisi vijana wote, si kwa hasira. "Hakuna hata mmoja aliyemkimbilia nalo?"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na msumari siku ile.

Beno akasema ni saa ya sala, na Don Naftali akauliza kama tunatimia, maana kwao nako ni shida. Beno akamwambia tunatimia. Mzee akafurahi kweli. Kasema Saúl aliandika barua kwamba pana mkulima mmoja mwenye haya anayemsemea baba yake, na kwamba yeye Saúl kila siku anachelewa makusudi kidogo, ili mkulima ajue ni nani anayemtimizia. Akauliza ni nani huyo. Wakanionyesha. Akanishika shavu, akaja kusimama kando yangu, karibu na jiko. Mlango wa uani ukabaki wazi, koti peke yake.

Nilikuwa nimeshafikiri. Wote tuliangalia upande ule, nadhani wote tulikuwa tumefikiri. Sisi tuliopo, na Don Naftali, tumetimia. Na yule wa mlangoni anazidi. Kwa hiyo mstari leo lazima uanze upya, mlangoni pasemwe neno la kwanza.

Beno akaanza. Neno langu likanipita. Akamfikia Don Naftali na kusema milele, likatua. Kisha macho yake yakaenda mlangoni na mdomo wake ukafunguka kwa neno la kwanza.

Lilining'inia.

Sikosei. Nimelisikiliza tangu Juni. Beno alisimama kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Upepo ukasukuma mkono wa koti, ukaanguka tena. Koti lilikuwa koti.

Kila mmoja akatazama kitabu chake. Don Naftali akatabasamu, anasubiri.

Ilipofika zamu yangu nilijiandaa kunong'ona, kama nilivyozoea. Nikamwona mzee yuko kando yangu, kofia imekaa upande, pini zinang'aa. Sauti ikatoka yote. Sijawahi kusema hivyo, hata makaburini siku ya baba sikusema hivyo. Nilijua nawasemea wangapi. Beno alijua. Nikamaliza, wakajibu Amina kwa pamoja.

Halafu ikaja nyingine, peke yake, nyuma.

Niligeukia mlango. Lakini haikutoka mlangoni. Ilitoka hapa begani kwangu. Ni Don Naftali. Ndivyo anavyojibu, amechelewa. Mtoto aliipata kwake.

Kutoka jikoni Mirta akauliza, "Imefika?"

Tangu Juni sijasikia sauti yake ikiwa nyepesi hivyo. Yeye alikuwa ameisikia Amina.

Beno akashika ukingo wa meza. Akasema, "Imefika," na si uongo, ilikuwa imefika.

Sasa ni asubuhi. Don Naftali anataka kwenda kwenye kambi ya jeshi, amesikia waliochukuliwa wako huko. Anapeleka koti. Kasema hawezi kuwazuia kumweka, ila si lazima wamweke na baridi. Beno alitaka kumpeleka na mzee akakataa, na ni kweli, mwanafunzi akionyesha kitambulisho pale hatoki. Mimi sina kitambulisho cha chuo. Jina langu haliko popote ila kwenye daftari hili, nalo nitamwachia Mirta, afanye atakavyo akishalisoma. Kumwambia kwa mdomo kwamba neno la mlangoni lilining'inia nimeshindwa. Mzee pia nimeshindwa kumwambia, nilikaa naye jikoni tangu alfajiri na nimeshindwa.

Beno nimemwambia hivi: jua likizama na hatujarudi, wasikae kunisubiri. Aseme tu maneno na kuzunguka kwa macho, asikiruke kiti changu, aone kama neno linatua. Akanikumbatia, hajawahi kunikumbatia.

Maji yamechemka na hakuna wa kuyanywa. Don Naftali yuko getini ananiita. Barafu imekaa kwenye majani, anatetemeka, na koti amelikunja mkononi, hataki kulivaa, anasema si lake. Naondoka. Hawezi kulibeba peke yake mpaka kule.